Ruhusa ya Mahadhi

Kilifi
9 Februari 1986

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai waraka huu utakukuta mzima na magoti yamepunguza kelele. Huku hatujambo. Mama Harusi, mamake Mahadhi, anakusalimu sana. Macho yake yamezidi kufifia, sasa hata kikombe cha chai namshikisha mkononi.

Mama, nyumba hii inanichosha. Mume wangu anatimiza miaka mitatu Jedda, na tangu Septemba sijaona hata bahasha yake. Nafagia ua uliokwisha kufagiwa. Napanga vyombo, napangua. Basi nimeanza kwenda kwenye bustani ya umma iliyofunguliwa karibu na kivuko. Usinikasirikie. Nakwenda asubuhi Mama Harusi akishakunywa chai, na adhuhuri nimesharudi. Kuna maua ya kunukia, mlangilangi na mikadi, kuna vipepeo wa kila rangi, na kobe wawili ambao hata wao wana pengi pa kwenda kuliko mimi.

Jumamosi watu huleta kazi zao za mikono na kuzitandaza mezani. Yuko bibi mmoja Mgiriama, Kahonzi, anayesuka vikapu vya miyaa. Alinionyesha ndege mnana wanavyojenga viota: dume ndiye msusi, jike huja kukagua, akiona kazi imelegea anaondoka zake. Kahonzi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza watu wa Malindi kama sisi tunajua kutengeneza nini. Nikaomba asumini na rehani, nikafunga kikuba kama ulivyonifunza, kile cha kubandika kwenye nywele. Wageni wakaizunguka meza. Kwa saa nzima nilisahau kwamba nina nyumba.

Mwanao,
Jaha


Malindi
27 Februari 1986

Mwanangu Jaha,

Marahaba, Mungu akuhifadhi. Mimi ni mzima. Magoti ndiyo hayo, kila ngazi yananitaja jina. Mpe Mama Harusi salamu zangu, umwambie namwombea.

Sasa nisikilize. Kikuba ni pambo la mke kwa mumewe. Kufunga si haramu, lakini ukipita njiani unanukia asumini na mumeo yuko Jedda, watu watauliza umempambia nani. Wewe ni mke wa mtu. Kaa na mkweo, usubiri. Mahadhi ametoka kwa watu wema, atarudi.

Na hao wageni, usiwape asumini iliyokwisha kufunuka. Chuma matumba jana yake alasiri, uyalaze kwenye kitambaa kibichi. Mkadi uweke katikati, si pembeni. Uzi kaza. Tangu mdogo ulikuwa mvivu wa kukaza uzi.

Mamako


Kilifi
6 Aprili 1986

Mama yangu,

Shikamoo. U hali gani? Sisi tunamshukuru Mungu. Uzi nakaza, na kabla ya kurudi nyumbani nanawa kwa ndimu, kwa hiyo lala salama.

Nina habari. Bwana Kambi, msimamizi wa bustani, anapeleka kazi zetu kwenye maonyesho ya kilimo Mombasa mwishoni mwa Agosti. Siku nne. Anataka Kahonzi na vikapu vyake, na mimi na vikuba vyangu, nikae mezani niwaonyeshe watu jinsi ya kufunga. Mimi, Mama! Nimekwisha kuhesabu mikadi itakayokuwa imechanua mwezi huo. Nikiketi nasimama, nikisimama natafuta la kufanya.

Lakini siwezi kusafiri bila idhini ya mume wangu, ulinilea hivyo. Nimemwandikia Mahadhi kumwomba ruhusa. Kambi anataka jibu mwisho wa Julai. Wanaorudi kutoka Jedda wengi hupitia hapo Malindi. Ukimpata mtu anayerejea huko, tafadhali mwambie aniombee ruhusa.

Mwanao,
Jaha


Kilifi
25 Mei 1986

Mama,

Shikamoo. Saumu inakwendaje? Barua yangu ya Aprili hujaijibu. Unaumwa? Niambie ukweli, nitapanda gari nije.

Nimemwandikia Mahadhi mara tatu. Kila siku nakwenda posta. Karani siku hizi ananitikisia kichwa nikiwa bado mlangoni, nisijisumbue kuingia. Wiki mbili sijaenda bustanini, nisije nikamuudhi mume wangu kabla hajanijibu. Kahonzi alipita kunijulia hali akakuta nafagia ua. Alinitazama sana, akasema, "Wewe mwana, huo mchanga umekukosea nini?"

Jaha wako


Malindi
15 Juni 1986

Mwanangu,

Siumwi. Idi tumeila salama.

Mombasa usiende. Mahadhi hajasema ndiyo. Mke hutoka kwa ruhusa. Sina zaidi la kuandika leo, nisalimie Mama Harusi.

Mamako


Kilifi
20 Julai 1986

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nimemwambia Bwana Kambi siendi. Nilisema mbele ya Kahonzi, nimenyooka kama mtoto anayejibu chuoni: mimi ni mke wa Mahadhi, na mke hutoka kwa ruhusa. Hata sauti ilikuwa yako. Kambi, mtu mpole, akasema ataniachia nafasi hadi tarehe thelathini na moja, pengine barua itafika. Nikatoka nikalia nyuma ya kitalu cha miche.

Nimetii, Mama. Nilidhani nikitii moyo utatulia. Haukutulia hata kidogo.

Mwanao,
Jaha


Malindi
24 Julai 1986

Jaha,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na tangu hapo sijaweza kukaa. Nimezunguka ukumbini mpaka magoti yamegoma.

Wewe si mke wa Mahadhi.

Novemba mwaka jana rafiki yake Jaafar alirudi kutoka Jedda akaniletea barua. Ndani mlikuwa na talaka yako, talaka moja. Alikuposa kwetu, na kwa kuwa babako hayuko, alikurudisha kwangu mimi. Mahadhi aliona haya kumwambia mamake mwenyewe.

Nilimwandikia nikamsihi akurejee kabla eda haijaisha. Nilijua akikurejea hutajua kitu, na moyo wako hautavunjika. Ndivyo nilivyojidanganya. Nikangoja. Hakujibu. Nilimuuliza shehe mmoja bila kutaja jina, akasema eda huhesabiwa tangu siku talaka ilipotoka. Yako iliisha mwezi wa pili, nawe ulikuwa ukiniandikia habari za kobe.

Baada ya hapo kila wiki nilisema nitakwambia wiki ijayo. Niliogopa maneno ya mtaani. Niliogopa kuitwa mama wa mwanamke aliyeachwa, na hofu hiyo nikaivisha heshima ya mumeo. Nimekukosea, mwanangu. Njoo nyumbani Malindi, chumba chako ki wazi. Barua ya Mahadhi nimekutilia humu humu.

Mamako


Mombasa
29 Agosti 1986

Mama,

Shikamoo. Barua zako zote nne za mwezi huu nimezipata. Nilikusudia nisikujibu kabisa. Nikaona hilo ulikwisha kunifanyia wewe, najua linavyouma.

Nimekasirika. Karibu miezi minne nimeomba ruhusa kwa mtu ambaye si mume wangu, na wewe ulikuwa ukijua, ukanisomea masharti. Mahadhi simlilii. Nilitafuta ndani ya moyo wangu nikakuta nilishamaliza kumlilia zamani, bila kujua. Aliyeniliza ni wewe.

Mama Harusi nilimwambia siku ileile barua yako ya Julai ilipofika. Nilimsomea talaka ya mwanawe mwenyewe. Alipapasa hewani mpaka akaushika mkono wangu. Akasema, "Basi huna deni nasi. Wataka nini, mwanangu?" Nikasema nataka kwenda Mombasa. Akasema, "Nenda. Na baada ya Mombasa?" Swali hilo lilikuwa geni kwangu. Jirani yetu, Bi Hindu, anamtazama siku hizi nne. Nikirudi nitatafuta chumba karibu na Mama Harusi, Kahonzi anajua pa kuuliza, na asubuhi nitakuwa bustanini kwa Kambi.

Malindi nitakuja, lakini si sasa. Unaniambia rudi nyumbani, unaniambia chumba ki wazi, unaniambia nikusamehe. Mama Harusi, asiyenizaa, aliniuliza nataka nini. Wewe bado hujaniuliza.

Mwanao,
Jaha