Barua Pepe Zinazorudi

Kaka,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kila barua pepe tunayotuma kwa kampuni yenu inarudi. Siku tatu nimekagua mitambo yetu, haina kosa. Maelezo ya zinazorudi yanasema anwani zetu zote zimezuiwa huko kwenu. Na huko mwenye kuzuia ni wewe, tangu tulipogombana kwenye msiba wa baba. Usibishe.

Mama hajambo, ila goti linamsumbua.

Asubuhi bosi alikataa kuamini kwamba karani wetu alituma mkataba kwenu. Akampiga kwa kiti, meno mawili yakadondoka juu ya kibodi. Nikamnyang'anya kiti, nikampiga nacho. Mpaka sasa hajaamka. Polisi wananingoja mlangoni.

Hasira zako zilikuwa na mimi, kaka. Si ungekuja ukanipiga mimi?

Mdogo wako