Beseni la Mjukuu Wangu

Noella mwanangu,

Nakusalimia weye na katoto. Huku Uvira tunapumua, mihogo imekauka vizuri. Barua hii naituma na motari, kijana wa pikipiki, sababu nikipiga simu yako, ni mama mkwe wako anaipokea.

Ulituambia sisi bibi wawili: asiyechanjwa chanjo mpya ya mpox hatagusa mtoto. Minye niliogopa. Huku kila upande wa vita unasema ni upande ule mwingine umeleta dawa ya kutumaliza. Na mama mkwe wako mwenyewe, Mama Pitchou, alinitumia sauti kwa simu: "Bamwana, usikubali! Mukono utaoza!" Nikamwamini. Nikaituma sauti ile kwa wamama wote wa korali ya kanisa.

Sasa naona picha uliyotuma. Ni yeye anaosha mjukuu wangu, anacheka, plasta ya chanjo iko kwenye bega! Kumbe alitaka minye nibaki na woga, beseni libaki lake. Kwetu mtoto anaoshwa na mama wa binti, si mama wa bwana.

Nililia, kisha nikaenda kituo cha afya. Muganga akauliza: "Mama, hauogopi tena?"

"Naogopa sana. Choma tu."

Bega linauma, lakini mukono haujaoza, ndio huu unaandika. Wamama wa korali nimewaonyesha.

Jumamosi nafika Luvungi. Mwambie Mama Pitchou apumzike. Maji ya mtoto nitachota mwenyewe.

Ni minye niliyekuosha weye,
Mama yako Félicité