Ritani ya Bukuru

Kasulu, Jumatano, Juni 1998. Baridi ya asubuhi, vumbi, na kichwa kizito.

Sijui nianzie wapi. Nianze na kompyuta.

Imeletwa ofisini kwetu mwezi uliopita. Kazi yangu ni kuchukua fomu za ritani, yaani taarifa za mapato kwa ajili ya kodi, za wafanyabiashara wa hapa na wa Kibondo, na kuziingiza moja moja kwenye mashine. Zikishaingia zote zinawekwa kwenye disketi, na disketi inapanda basi kwenda Kigoma. Inaondoka kesho mchana.

Leo, katikati ya bunda, nimekutana na fomu ya Bukuru.

Bukuru ni pacha wangu, mkubwa. Mimi ni Butoyi, wa pili kuzaliwa, kama mapacha wote wanavyoitwa huku kwetu Uha. Alikuwa na duka la vitenge hapa sokoni. Tulimzika Januari. Fomu ina tarehe ya Jumapili iliyopita.

Mwandiko ni wangu.

Jamani! Kweli, miaka yote nilikuwa namjazia yeye, kisha najaza yangu ya biashara ya kusaga nafaka, maana Bukuru na kalamu walikuwa hawaivi. Lakini hii sikumbuki kuijaza. Sikumbuki kabisa.

Mkuu wetu, Bwana Rashidi, aliichungulia akasema, "Pole ndugu yangu, lakini marehemu haleti ritani. Mfute kwenye orodha ya walipa kodi." Nikabonyeza kufuta. Skrini ikaniuliza kama nina hakika. Kidole kikagoma. Nikasema naenda kula kwanza.

Nyumbani Mama alikuwa amepakua sahani mbili, kama kila siku. Huku kwetu pacha hafanyiwi jambo peke yake. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, wanasema yule aliyenyimwa atakuja kumchukua mwenzake. Tangu Januari ile sahani ya pili inapoa mezani, na mimi, msomi wa watu, nilikuwa nacheka. Leo sikucheka. Nilimuuliza habari ya fomu.

"Si ulijaza mwenyewe Jumapili? Ulikaa kwenye kiti chake, ukajaza zote mbili. Nikakusemesha, hukuitika."

Nikamuuliza yangu iko wapi, maana kwenye bunda haimo.

"Ulinipa wewe, mwanangu. Ulisema niiweke kwenye sanduku la nguo za Bukuru."

Nilirudi ofisini, nikaizima kompyuta bila kuijibu.

Naogopa: fomu ya marehemu imo kwenye bunda la walio hai, na yangu imo kwenye sanduku la marehemu. Naandika hivi waziwazi kwa sababu sina wa kumwambia.

Sanduku liko chumbani kwa Mama, sijaligusa. Kesho asubuhi nitalifungua, niitoe fomu yangu, niiingize kwenye mashine kabla ya jambo lingine lolote. Nikishajiona kwenye orodha, ndipo nitabonyeza kwamba nina hakika.

Nisamehe, kaka. Safari hii unakwenda peke yako.