Kadi ya Namba Kumi na Saba

Jumanne, 1 Septemba 1953

Nimeosha kidonda. Maji ya vuguvugu, chumvi, kipande cha kanga kuukuu ya Tatu. Nimekipima kwa kisanduku cha kiberiti, kama kila Jumanne. Mwezi uliopita kisanduku kilikifunika chote. Leo kidonda kinachungulia pande mbili.

Tatu, mke wangu, anasema kupima hakuponyi. Kweli. Lakini nataka kujua. Ndivyo nilivyoumbwa. Miaka ishirini na miwili nimekuwa tarishi wa Ofisi ya Ramani, nimebeba barua za serikali mji mzima, na sijui hata moja iliandikwa nini. Sikufungua hata moja. Udadisi wote huo sasa umehamia mguuni.

Nilipokuwa kazini nilifungwa kidonda kila Alhamisi, siku ya watumishi wa serikali. Tangu nistaafu mwezi wa tatu, hakuna. Nilijaribu foleni ya watu wote. Dawa ya zambarau, na maneno kwamba nyingine zimekwisha. Inawasha tu.

Keshokutwa nakwenda siku yangu ya zamani. Waniambie kama mguu nao umestaafu.

Alhamisi, 3 Septemba

Nimeona jambo. Niliandike kabla sijaanza kulicheka vibaya.

Karani wa hospitali ni mpya. Dresa niliyemzoea, mfunga vidonda, amehamishiwa Tanga. Karani hakuinua kichwa. Akaniuliza ofisi na namba. Ofisi ya Ramani, kumi na saba. Akataka beji. Nikasema nimeirudisha siku ya kustaafu, pamoja na kaki na tarbushi, vimefuliwa na kupigwa pasi. Basi huna namba, akasema. Nikamtajia jina. Akasema hapa hawatafuti kwa majina.

Nikakaa kwenye benchi, nimeudhika. Nikaona nisubiri nione akina nani wanaingia. Baada ya saa nzima karani akaita: Ofisi ya Ramani, kumi na saba. Miguu yangu ikasimama yenyewe, mbovu na mzima. Na mbele yangu akasimama mtu mwingine.

Ni Petro, aliyechukua nafasi yangu. Mtu wa Tabora, askari wa zamani, umri kama arobaini, anakaa Chang'ombe. Nilimkabidhi beji mimi mwenyewe, siku ile ya kustaafu. Amekuja kwa jino. Dresa mpya akasoma kadi ya namba hiyo, akamwamuru avue kiatu na soksi. Petro akaonyesha shavu. Dresa akageuza mguu wa kushoto, akageuza wa kulia, akaandika. Petro anasoma Kiingereza cha jeshini, akachungulia. Imeandikwa kidonda kimepona.

Mguu wangu umepona kwenye mguu wa mtu mwingine.

Petro alicheka hadi akashika jino lake. Kisha akaona kitambaa changu kimelowa, akaacha kucheka. Akasema, "Mzee, Alhamisi ijayo chukua beji. Mie nitasema nimeisahau nyumbani."

Jumatatu, 7 Septemba

Sijaamua. Kitu nilichokirudisha kwa mkono wangu, nikakivae tena kwa uongo? Tatu ameninunia tangu asubuhi. Anasema naona haya ya beji na sioni haya ya kunuka. Amesema kweli. Kidonda kinanuka. Juzi wajukuu walikula chakula upande wa pili wa uwanja.

Naogopa kukatwa. Sijawahi kuliandika neno hili. Nimeliandika.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimekwenda. Beji kwenye koti, shaba baridi. Karani hakuinua kichwa. Dresa anatazama miguu, hatazami nyuso. Akasoma kadi: kimepona. Akatazama mguu. Akasoma tena. Nilitaka sana kujua atafanyaje. Akamwita daktari.

Daktari ni Mzungu mgeni, ana miezi miwili nchini. Alibonyeza, alinusa, aliuliza maswali kupitia kwa dresa. Nikapigwa sindano. Nikafungwa bendeji nyeupe, ile ya zamani, yenye harufu safi. Nilikaribia kulia.

Kisha akaandika barua, akaitia kwenye bahasha, akaifunga, akanipa. Kwa kuwa mimi tarishi, dresa akasema, niipeleke mwenyewe kwa mkubwa wa ofisi yangu.

Ijumaa, 11 Septemba

Sijaipeleka. Niipeleke kama nani?

Bahasha ya kahawia. Nyepesi, karatasi moja. Nimeiinua juani, imekunjwa mara tatu, maneno yamepandana. Nimekwenda nayo msikitini mfukoni mwa kanzu. Hotuba sikuisikia.

Nimebeba bahasha zaidi ya nywele zilizobaki kichwani mwangu. Nyingine zilikuwa za watu kufukuzwa kazi, nyingine za kupandishwa cheo. Nilikuwa nabahatisha kwa kumtazama mpokeaji usoni. Hii inanihusu mimi. Mguu wangu umo ndani humu. Tatu ananitazama ninavyoigeuza.

Jumamosi, 12 Septemba

Nimeifungua. Kwa kisu cha jikoni, saa tatu asubuhi.

Udadisi wote ule, na kumbe Kiingereza changu mwisho wake ni juu ya bahasha. Nilijua neno la mguu na namba yetu. Nikajikongoja hadi Chang'ombe kwa Petro.

Alisoma yote. Kisha akakaa chini, palepale mlangoni, mkewe akiwa nyuma yake na mtoto mgongoni. Akanisomea. Mguu wa namba kumi na saba unaweza kuokolewa akija kila wiki bila kukosa. Asipotibiwa utakatwa. Na namba kumi na saba hafai tena kwa kazi ya kutembea. Aachishwe mwisho wa mwezi.

Habari njema yangu. Habari mbaya yake. Karatasi moja.

Petro hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alisema tuichome, niendelee na beji yake, tuone. Lakini daktari atangoja majibu. Asipoyapata atamwandikia mkubwa nyingine, na hiyo sitaibeba mimi.

Jumapili, 13 Septemba

Nimemwambia Tatu kila kitu. Alichambua mchele, akachambua tena mchele uliokwisha kuchambuliwa. Akasema nikienda kusema kweli watanifukuza, na mguu utakatwa. Nikasema najua. Akasema basi nivae kanzu nzuri.

Jumatatu, 14 Septemba

Nimetoka hospitali. Naandika yote, hata ya aibu.

Nilikwenda na barua iliyofunguliwa na beji mkononi. Petro alikuwa getini ananingoja, ndani ya kaki. Sikumwita. Alisema hawezi kuniacha nikajibie namba ya watu wawili. Tukaingia pamoja.

Daktari aliona bahasha kwanza. Akawa mwekundu. Nani ameifungua? Nikasema mimi. Dresa alitafsiri kwa sauti ndogo kama ndiye aliyeifungua. Nikaeleza: mguu huu ni wangu, kazi ni ya huyu, namba ni moja, kadi ni moja. Huyu ana jino tu. Ukitaka kumwachisha mtu, mimi nimekwisha kuacha.

Daktari akatazama mguu wangu, akatazama miguu ya Petro. Nikajua natolewa nje. Badala yake akavuta kiti, akaichukua kadi, akaanza mstari mmoja mmoja kutoka mwisho. Hasira ilikwisha, alitaka kujua. Naitambua sura hiyo, huiona kwenye kioo.

Kimepona? Miguu ya Petro. Kidonda? Changu. Homa ya mwaka juzi? Yangu. Jicho? Langu, lilipigwa na tawi Msasani. Kidonda, kidonda, kidonda. Changu. Kadi ile imeshonwa kwa uzi kwenye kadi nyingine iliyochakaa. Akaifikia. Bega la kushoto, limevunjika, limefungwa ubao, mwaka 1929.

Nikasema si langu. Mimi nimeanza kazi 1931. Petro akasema si lake, wakati huo alikuwa anachunga ng'ombe. Daktari akatazama mlangoni nyuma yetu, kama vile kuna wa tatu anakuja.

Hapo nikakumbuka. Mzee Mbwana wa Kawe. Ndiye aliyenikabidhi beji. Alinipa kwa mkono wa kulia, bega la kushoto limeshuka. Nilidhani amezaliwa hivyo. Nikaibandika kifuani, nikaenda zangu. Sikuuliza anatibiwa wapi. Mimi, niliyeuliza kila kitu maisha yangu yote.

Nimeona haya kuliko nilivyoona ya beji.

Daktari amechana barua yake. Ameandika nyingine, namba kumi na saba ni mzima, ang'olewe jino. Kisha akamwagiza karani atoe kadi mpya. Karani akauliza ofisi. Sina. Namba? Sina. Kalamu ikabaki hewani, na kwa mara ya kwanza akainua kichwa. Jina? Abdallah bin Mfaume. Aliandika polepole, akakosea, akafuta, akaandika tena.

Lakini si ushindi, nisijidanganye. Daktari ataomba ruhusa kwa wakubwa zake, wastaafu nasi tuwe na kadi na Alhamisi yetu. Jibu likija kwamba hapana, basi. Hadi hapo atanitibu. Akauliza swali moja: mko wangapi? Watakaosoma ombi watauliza hilo kwanza. Nikasema nitawahesabu.

Alhamisi, 24 Septemba

Sindano ya tatu. Jibu halijaja.

Kadi yangu imewekwa kwenye kisanduku chake. Nimechungulia. Imo peke yake, imelala chali. Karani analalamika kwamba kisanduku kinamjazia meza kwa ajili ya mtu mmoja. Haongei vibaya, ni kweli kinajaza.

Jumanne, 29 Septemba

Kisanduku cha kiberiti kinafunika kidonda chote. Nilimwita Tatu aone. Alisema kupima hakuponyi, kisha akainama akatazama kwa muda mrefu.

Nimeanza kuandika majina ya wastaafu, kwa swali la daktari. Mpishi wa nyumba ya wageni ya serikali, yuko Chanika, anakohoa. Dereva wa zamani wa ofisi yetu, macho. Wawili. Nimebakiwa na mmoja ninayemwogopa. Atakuwa amefika miaka themanini, kama yupo.

Jumapili, 4 Oktoba

Kawe. Petro alinipakia kwenye keria ya baiskeli, mguu nimeunyoosha pembeni. Tulipumzika mara nne. Alisema uzito wangu ni wa mikoba ya barua ya wiki nzima.

Tuliuliza nyumba tatu. Ya nne wakatuonyesha uwanja wa nyuma. Mzee mwembamba, ameketi kwenye mkeka, anasuka makuti kwa mkono wa kulia na kubana kwa goti. Bega la kushoto limeshuka vilevile. Nilimwamkia kwa mbali. Akaitikia marahaba bila kugeuka. Macho yake yana utando.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yalipotea. Nikasema tu, kwa sauti ya karani: Ofisi ya Ramani, kumi na saba.

Aliweka makuti chini. Akajishika kwenye ukuta, akaanza kusimama.

Nikamwahi, nikamwomba akae. Nikakaa naye kwenye mkeka, Petro akaegemeza baiskeli. Nikatoa karatasi na penseli, nikamuuliza jina lake kamili.