Mikia ya Maneno ya Kiingereza

Jumatatu, 3 Machi

Mikia tena leo, yaani viambishi tamati vya Kiingereza. Darasa la mwaka wa mwisho, shuleni Gihosha. -tion, -ment, -able: wamezichangamkia. Ziliingia Kiingereza kwa mlango wa Kifaransa, kutoka Kilatini, na Kifaransa wanakijua. Ila -tion na -ment wanazitamkia puani, Kifaransa kitupu. Nimecheka.

Mafuta ya gari hakuna, mabasi hakuna. Nimetembea hadi hospitali. Claudine hali chakula. Mke wangu huyu, mtu wa kumaliza sahani ya samaki wa ndagala peke yake!

Alhamisi, 6 Machi

Daktari ameniita pembeni. Ini la mke wangu limekwisha, dawa hakuna. Naogopa. Sikumwambia Claudine, lakini anajua.

Aliuliza nimefundisha nini. Nikamweleza -hood: zamani lilikuwa neno zima, maana yake hali ya mtu, likachakaa hadi likabaki mkia. Akasema:

"Mi pia nimechakaa. Lakini we usiache wale batoto. Mutihani iko karibu."

Jumapili, 9 Machi

Claudine amefariki asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono. Sina la kuandika.

Jumatano, 12 Machi

Tumemzika jana. Nyumba imejaa watu, viti vya kukodi, kreti za bia. Wanafunzi wangu wamechanga kreti ya soda. Walikaa karibu na mlango mpaka wakaondoka.

Nataka kurudi darasani, nyumba hii inanikaba. Mama mkwe kakataa katakata: matanga hayajaondolewa, hakuna kazi. Nimemkasirikia sana. Kwani mutihani itanisubiri?

Jumapili, 16 Machi

Kuganduka. Yaani tumeondoa matanga ya kwanza. Kwao Claudine, huko Ngozi, siku hii mfiwa hushikishwa jembe, kazi zianze upya. Mi shamba sina. Mama mkwe alisimama mbele ya watu wote, akanipa chaki. Hasira yangu yote ikaisha. Nimelia kama mtoto.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudi. Mkia uliofuata kwenye programu: -less. Kiingereza cha kale, maana yake bila, kukosa. Ningeuruka, lakini upo kwenye mtihani.

Nikaomba mifano. Wakainamia madaftari. Hawa wenye kelele! Wakatazamana. Mwishowe mmoja: hatless, bila kofia. Mwingine: sugarless, bila sukari. Cloudless, bila mawingu. Benchi hadi benchi, vitu vidogo vidogo. Hakuna aliyetaja kumkosa mtu.

Nimeandika yote ubaoni.