Mungu kaninyamazisha mbele ya kaka

Jumapili, Suma

Na mdomo wangu huu unaochekesha harusi zote za Suma! Leo kaka Ambokile kasimama kanisani akaninyooshea kidole: "Huyu mlevi kasogeza mpaka wa migomba yangu." Mwongo! Kausogeza yeye.

Jibu nilikuwa nalo, la kumfanya ahame kata. Lakini asubuhi nilishaomba, "Bwana, leo ongoza wewe," na moyoni nikasikia wazi: nyamaza. Nikanyamaza. Kwa hasira hata ndizi za mchana nimezirudisha jikoni.

Mke wangu kanicheka. "Baba Tusa, ulimtaka Mungu au ulitaka shahidi?"

Shahidi, kusema kweli. Naogopa shamba la wanangu litaliwa. Na sasa moyoni nasikia: nenda kwa kaka yako, mkapime mpaka pamoja.

Kesho nitakwenda, Bwana. Ila usiniombe nikamchekeshe.