Wape Kidogo, Wachoke

Jumatatu, 3 Machi
Albamu imetoka! Siamini. Bendi yetu ya vituko — gitaa langu, besi ya Daktari wa Meno (mchana anang'oa meno kweli) na binamu yangu Mifuniko, anayepiga vifuniko vya sufuria badala ya ngoma. Mama ameshangilia kuliko sisi sote. Tulirekodi kwenye stoo yake ya kufulia, ndoo zikiwa humo humo. Shati langu la jukwaani amelishona yeye. Mwenye mama kama huyu anataka nini tena?

Jumanne, 4 Machi
Unaopendwa ni wimbo wa mwisho. Watu wanasema yule mwanamke anayenong'ona anawaliza. Mwanamke gani? Kwenye bendi mwanamke ni mimi, nami hupayuka!
Nikavaa hedifoni. Gitaa likafifia, halafu: "Wape kidogo tu, Mungu wangu. Wape kidogo, wachoke, mwanangu arudi."
Mama! Macho yamenitoka pima. Chumba chake, kama changu, kimepakana na stoo, na matundu ya hewa hayazibwi. Alikuwa anaomba. Anaomba tushindwe! Kwa upole, lakini tushindwe.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia fundi mitambo wa albamu. Mbona hakuifuta ile sauti? Kasema tulishamletea sauti za ndala, kijiko, ndoo ikiburutwa — angejuaje kwamba hii si kituko kingine? Akaipenda, akaifanya kiitikio. Kiitikio! Ukichaa ni wetu wenyewe.
Daktari anataka ifutwe. Mifuniko hataki hata kusikia, eti shangazi katuletea bahati.
Jioni Mama alikuwa anapiga pasi shati langu. Kola ameirudia, haikumridhisha. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu ndiye aliyeishona nguo yenyewe! Nimekasirika hadi nikacheka, halafu nikalia chooni. Sijamwambia.

Jumamosi, 8 Machi
Uzinduzi. Mama mstari wa mbele. Nilipofikia kile kipande nikafunga mdomo — ukumbi mzima ukakiimba! Wape kidogo, wachoke, mwanangu arudi. Nikamtazama Mama. Anapiga makofi, tena kwa mapigo sahihi.
Nyuma ya jukwaa akaja wakala wa wanamuziki: ziara ya miezi mitatu, nchi za watu. Nikakubali hajamaliza kusema. Nilikuwa nimemshika Mama mkono. Hakuutoa. Ulikuwa baridi tu.
Njiani kaniuliza, "Ule wa mwisho nani katunga?"
"Sote, Mama."
"Mmejitahidi."
Anajua? Hajui? Sitaki kumuuliza. Akisema anajua, nitaondokaje?

Jumapili, 16 Machi
Gari linakuja kutuchukua. Begi kapanga Mama — eti mimi hata leso siwezi kuikunja. Nimelifungua kutafuta chaja. Shati la jukwaani, limenyooka. Mswaki. Nguo za wikiendi.
Za wikiendi! Miezi mitatu!
Nimeganda kitandani. Upande wa pili, stoo, Mama anafua na kuimba. Tundu la hewa linaleta kila neno. Wape kidogo... wachoke... Hapo ananyamaza. Maji yanachuruzika. Anaanza upya, anafika "wachoke", ananyamaza tena.
Honi nje. Mifuniko anapiga kelele nitoke. Kabati liko wazi, begi liko wazi. Mama ameacha kufua. Anasikiliza kama nitaongeza nguo za miezi mitatu au nitafunga begi hivi hivi —